Daftari la Kufa na Kuzikana

Lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya redio,
jalada jekundu, pembe zimeliwa na mende,
limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.
Mama alinikabidhi bila kunitazama usoni.
"Andika wewe. Mkono wangu umekataa."

Basi nimekaa kibarazani, hapa Isevya, alfajiri,
turubai halijafungwa bado,
watu wanaleta mabenchi ya madrasa vichwani,
nami nimeandika *Msiba wa*
na kalamu imesimama.

Miaka ishirini na sita aliandika humu,
mwandiko ule wa karani wa mizigo,
herufi zimepangwa kama mabehewa yanayosubiri kichwa,
na nukta kila mahali,
hata pasipotaka nukta.

*Msiba wa bibi Tausi, Kiloleni. Mchele, kilo kumi.*
*Msiba wa mtoto wa Kashindye. Siku mbili. Hajapewa jina.*
*Sanda, mita moja.*

Mita moja, baba.
Uliandikaje hilo bila wino kumwagika?

Wanaopita wananiambia alikuwa mtu wa watu.
Ndiyo. Na sisi ndio tuliolala na hao watu.
Treni ya Mpanda ikichelewa, ikilala,
anarudi kutoka stesheni na wageni nyuma yake,
vikapu, kuku, kikohozi cha mtu mzima,
nasi tunaamka tumebanwa na mguu wa mtoto
tusiyemjua hata jina.
Asubuhi: "Mwangaluka!" kwa wote, kwa sauti ya filimbi,
michembe na chai ya rangi,
kisha mgeni anaondoka na blanketi letu.

Alikuwa mbishi. Akifungwa bao anasusa chakula.
Alipiga pasi sare zetu kila Jumapili usiku,
pasi ya mkaa, akipuliza majivu kwa mdomo,
na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia,
kwa sababu mistari ya suruali, alisema,
ni reli, haitengenezwi na watu wawili.

Nafungua tena kurasa.
Mwajuma wa vitumbua, elfu mbili, nukta.
Seif wa mkaa, elfu mbili, nukta.
Seif tena, msiba mwingine, nukta.
Mzee Kapaya, mjane wa Gongoni, nukta, nukta.

"Mama, hizi nukta ni za nini?"

Amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.
Kwa mara ya kwanza tangu usiku, anakaribia kucheka.
"Hawakuwa nacho. Akawatolea yeye.
Hiyo moja ni mbuzi wetu wa Idi.
Hiyo hapo," na kidole chake kinatetemeka,
"ni viatu vyako vya darasa la sita."

Vile viatu.
Nilikwenda shule na soli iliyofungwa waya,
nikamchukia baba muhula mzima,
naye akaikaza waya kila jioni, kimya,
kwa koleo la reli.
Sijui bado kama nimemsamehe.
Najua nimeweka kidole juu ya ile nukta
na sijakiondoa.

Kumekucha. Seif wa mkaa yuko mbele yangu,
amechomoa noti ya elfu mbili ndani ya kofia.
"Andika," anasema. "Na leo usiniwekee nukta."

Kumbe alijua.
Kumbe mtaa mzima ulijua kusoma.

Nyuma yake kijana, sijapata kumwona,
mikono mfukoni, macho kwenye vidole vyake vya miguu.
"Mimi nitaleta mwisho wa mwezi, dada.
Nilishuka kwenye treni, mwaka juzi. Nililala kwenu."
"Jina?"
"Mahona."

Naandika Mahona. Elfu mbili.
Naweka nukta, ndogo, kama mbegu ya ulezi,
halafu nakumbuka kwamba sina hata shilingi.

Mama, bila kuulizwa,
anafungua fundo la khanga.

Juu ya ukurasa bado pameandikwa *Msiba wa*
na nafasi.